Malezi ya Watoto Wetu: Simu ya Mkono Skulini



Wasomaji wetu wapenzi, ukurasa huu mwezi huu ulikuwa umewekewa maneno juu ya gharama za harusi, na wako waliokuwa wakiyangoja. Twawaomba radhi watuvumilie, kwa sababu limetufikia mlangoni jambo ambalo hatukuona kuwa laweza kungoja.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia mama mmoja jirani yetu, amefuatana na mwanawe wa kiume aliyehitimu chuoni kwetu miaka mitatu iliyopita, na sasa yumo kidato cha pili katika skuli ya bweni. Kijana ameinamisha kichwa, na mama ana barua mkononi. Barua ile yasema ya kuwa kijana ameonekana na simu ya mkono, ameificha ndani ya godoro lake, kinyume cha sheria za skuli. Kwa hivyo arudi nyumbani kwa muda wa wiki mbili, kisha arejee pamoja na mzazi wake. Ama simu, hiyo haitarudishwa.

"Maalim," akatwambia yule mama, "wewe ndiwe uliyemshika mkono mtoto huyu akajua alifu na be. Niandikie barua kwa mwalimu mkuu, umwambie mwanangu si mhuni. Simu hii ameletewa na babake kutoka Qatar, si ya wizi."

Tukamjibu ya kwamba barua tutaiandika, lakini kwanza twataka kusema na kijana faraghani. Tukatoka naye barazani. Kijana, Mwenyezi Mungu amjazi kheri kwa hilo, alisema kweli yote. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, ambapo babake siku ya pili yake haendi kazini, walikuwa wakizungumza dakika 10 au 15, baba akimuuliza masomo, na sala, na hali ya mama na wadogo zake. Hii ni kweli ya kwanza. Na kweli ya pili ni kwamba baba alipokwisha kuaga, simu haikuzimwa. Kijana alijifunika shuka gubigubi akatazama michezo ya mpira, na mambo mengine ambayo hakuyataja na sisi hatukumuuliza, mpaka saa nane, mara nyingine saa tisa za usiku. Tena si usiku huo mmoja tu wa juma. Sala ya Alfajiri ikampita, na katika somo la hesabu akasinzia. Muhula uliotangulia alikuwa mtu wa 9 katika darasa lake. Muhula huu amekuwa wa 31.

Basi tukaingia ndani tena, tukakaa kimya kitambo. Barua ile hatukuweza kuiandika kama alivyoitaka mama, wala hatukuweza kukataa kuiandika. Nasi twajua ya kuwa nyumba nyingi zisomazo gazeti letu hili zimekwisha kupata barua kama hii, au zitaipata. Ndiyo maana tukaona tuliseme jambo hili hadharani.

Kwanza tukumbuke simu hizi zimeingiaje mikononi mwa watoto, maana wako watu wasemao kana kwamba watoto walizitoa mwituni. Mwaka 2020, katika mwezi wa Machi, skuli zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na watoto walio wengi hawakurudi darasani mpaka Januari ya mwaka 2021. Katika miezi ile waalimu walipeleka masomo kwa simu, na mzazi aliyekuwa hana simu janja alionekana kuwa amemdhulumu mwanawe. Tuliwaona kwa macho yetu wanawake waliouza bangili ili watoto wao wapate kusoma. Kisha skuli zikafunguliwa, na mdomo ule ule uliosema "nunua" ukasema "haramu kuingia nayo hapa." Hatusemi ya kwamba neno la pili lilikuwa na makosa. Twasema ya kwamba mtoto aliyeambiwa maneno mawili haya katika mwaka mmoja, pasipo mtu wa kumfahamisha kilichobadilika, si ajabu akadhani kuwa wakubwa hawajui walitakalo.

Na sisi wenyewe tumo katika hesabu hiyo. Hapa itatubidi tuseme jambo lililotupata chuoni kwetu, ijapokuwa si jambo la kujisifia.

Chuo chetu ni cha alasiri mpaka magharibi, na Jumamosi asubuhi. Wanafunzi wakubwa, wa miaka 13 na kuendelea, walianza kuja na simu, na mara mtoto yuko juu ya marfaa, Msahafu uko wazi mbele yake, na jicho liko mapajani. Tukapiga marufuku. Tukatengeneza kisanduku cha mbao tukakiweka mlangoni penye viatu, kila mwenye simu aiweke humo akiingia, aichukue akitoka. Na atakayeonekana nayo ndani, tukasema, simu yake itakaa kwetu mpaka mwisho wa muhula.

Siku ya kwanza tu, katika kimya kile kizuri tulichokuwa tukikifurahia, simu ikalia. Ilikuwa yetu sisi, imo mfukoni mwa kanzu. Watoto hawakucheka, kwa adabu yao, lakini walitazamana. Tangu siku ile simu ya mwalimu hutangulia sandukuni kabla ya zote.

Lakini kosa lenyewe si hilo. Baada ya wiki chache tulimkamata mtoto mmoja wa kiume na simu ndogo ya vitufe, zile watu waziitazo mulika mwizi. Tukaichukua tukaitia katika mtoto wa meza yetu na ufunguo tukaufunga. Mtoto akataka kusema neno, tukamwambia anyamaze, sheria ni sheria. Akanyamaza, akaenda zake. Siku ya pili hakuja chuoni, wala ya tatu. Siku ya tano tukamtuma mwenziwe akamwangalie, akarudi na habari ya kuwa mtoto hakai kwa wazazi wake, akaa kwa nyanyake, na ile simu ni ya nyanyake. Alimpa mtoto aipeleke kwa fundi njiani ikawekwe betri, naye akapitia chuoni kwanza. Pesa apelekewazo na mwanawe wa kike afanyaye kazi Nairobi huingia kwa M-Pesa katika simu ile. Siku tano yule bibi hakuwa na njia ya kuzitoa. Alikopa unga dukani, na dawa zake za presha zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake.

Tulichukua simu tukaenda kwa miguu yetu. Bibi alikuwa ameketi upenuni akisuka ukili.

"Karibu, maalim. Keti, mwanangu."

"Starehe, mama. Nimekuja kukutaka radhi. Nimechukua mali yako nisiyoijua."

Akaipokea simu, akaitia katika fundo la leso bila ya kuitazama. "Ulimuuliza?" akasema.

Tukanyamaza.

"Mjukuu wangu si mwepesi wa kusema," akasema bibi, "huyu ukimnyamazisha mara moja amenyamaza. Muulize mara mbili."

Mtoto alirudi chuoni baada ya mwezi mzima, na twasema kweli ya kwamba hakuwa yule wa zamani mbele yetu. Alisoma, akahifadhi, akahitimu. Lakini ule uzoefu wa kutujia na maswali yake baada ya darasa, huo haukurudi.

Tangu hapo tulibadili kanuni. Simu ikikamatwa tunamuuliza mtoto ni ya nani, tunaandika daftarini jina la mwenyewe na siku, na jioni ile ile tunaipeleka, au tunamwita mzazi aje aichukue. Kwa sababu kitu kilichomo katika mtoto wa meza yetu ni amana, haidhuru kimeingiaje, na amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ya kurudisha amana kwa wenyewe haikuwatoa waalimu. Tena maulamaa wamekhitalifiana juu ya kumwadhibu mtu kwa kumchukulia mali yake, na wengi wao hawakuikubali adhabu ya namna hiyo. Sasa vipi basi desturi hii tuisikiayo katika baadhi ya skuli, ya kukusanya simu za wanafunzi zikavunjwa kwa nyundo au zikatiwa moto mbele ya skuli nzima? Anayevunja hamwadhibu mtoto. Amwadhibu baba aliyeko Qatar juani, na nyanya mwenye ukili wake. Na mtoto ajifunzalo pale ni kwamba mwenye nguvu aweza kuharibu mali ya watu na akapigiwa makofi.

Sasa tuje katika suala lenyewe: je, kukataza simu skulini kwaleta faida gani kwa mwanafunzi? Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya darasa la saba, lakini binti yetu asomea ualimu, naye alitusomea na kutufasiria yaliyoandikwa na wataalamu wa nchi mbalimbali, siku mbili tatu baada ya chakula cha usiku. Tutayaeleza kama tulivyoyafahamu.

Ufaransa ilitunga sheria mwezi wa Agosti mwaka 2018, ikakataza matumizi ya simu katika skuli za msingi na za kati, yaani mpaka watoto wa miaka kama 15. Walitoa ruhusa kwa mtoto mwenye ulemavu au maradhi ambaye chombo hicho chamsaidia, na kwa somo ambalo mwalimu mwenyewe amelitakia simu. Na jambo lililotupendeza katika sheria ile ni kwamba mwalimu aruhusiwa kuichukua simu, lakini kila skuli yalazimika kuandika katika kanuni zake itachukuliwaje na itarudishwaje. Kurudishwa kumetajwa katika sheria! Tulimwambia binti yetu asome tena mahali hapo, tukawa twacheka na kuona haya kwa pamoja. Uholanzi nayo ilizitoa simu katika madarasa ya skuli za sekondari tangu mwanzo wa mwaka 2024, na Brazili ilipitisha sheria yake mwezi wa Januari 2025, inayokataza simu katika masomo na hata katika nyakati za mapumziko, isipokuwa kwa masomo, kwa maradhi, au kwa jambo la dharura. UNESCO, katika ripoti yao ya mwaka 2023, walisema ya kuwa nchi zilizokuwa na katazo la namna hii hazijafika robo ya nchi zote. Tangu hapo zimekuwa zikiongezeka.

Ama faida yake, mwaka 2015 wataalamu wawili, Louis-Philippe Beland na Richard Murphy, walichungua skuli 91 katika miji minne ya Uingereza, wakalinganisha matokeo ya mitihani kabla ya katazo na baada yake. Waliona ya kuwa matokeo yalipanda, kiasi cha kana kwamba mwaka wa masomo umeongezwa siku 5. Lakini sikilizeni hili, maana ndilo la maana: waliofaidika zaidi ni wanafunzi dhaifu, wale waliokuwa nyuma ya wenzao. Wanafunzi hodari hawakuongezeka wala hawakupungua. Mtoto hodari huweza kuwa na simu mfukoni na akili ikabaki ubaoni. Mtoto dhaifu, akipotea mara moja, harudi. Na sisi tulio waalimu wa chuo twaliona hilo kila siku. Mtoto mwepesi wa kuhifadhi humsumbui na kelele za barabarani. Yule mzito, nzi akipita, aya imemtoka.

Uswidi walijaribu kufanya uchunguzi kama ule, na mwaka 2020 wakatangaza ya kwamba kwao hawakuona tofauti katika mitihani. Norwe, mwaka 2024, mtaalamu mmoja aliandika ya kuwa katika skuli za kati zilizokataza simu, uonevu baina ya watoto ulipungua, na wasichana waliohitaji kutibiwa kwa huzuni na mashaka ya nafsi walipungua pia. Wazazi wenye mabinti watalifahamu hili upesi zaidi kuliko sisi tulivyolifahamu. Zamani mtoto aliyechekwa skulini alifika kwao, akafunga mlango, na kicheko kikabaki nje. Leo kicheko huingia naye chumbani, na picha yake ikazungushwa kwa wasichana mia kabla hajavua sare.

Kisha mwezi wa Februari 2025 Chuo Kikuu cha Birmingham kikatoa habari ambayo iliwashangaza wengi. Walichukua skuli 30 za Uingereza, nyingine zakataza simu na nyingine zaruhusu, wakawauliza wanafunzi 1,227. Hawakuona tofauti baina yao katika utulivu wa nafsi, wala usingizi, wala masomo. Wanafunzi waliokatazwa skulini walitumia simu kidogo pale skulini, lakini ukihesabu siku nzima na juma zima, muda wao wote haukupishana na wa wenzao. Na wakaona vile vile ya kuwa aliyetumia simu muda mrefu zaidi, popote alipo, ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi ya nafsi, na usingizi, na masomo.

Watu wengine waliposikia habari hii walisema, basi, katazo halina maana, tuliondoe. Sisi twaona hawakufahamu. Yule kijana wa godoro, skuli yake ilikuwa na katazo kali kabisa, tena la maandishi, na yeye alikesha. Katazo la darasani halikuwekwa lilinde usiku. Lalinda saa zile mtoto yuko mbele ya mwalimu, na kwa kazi hiyo lafaa, hususan kwa wale dhaifu tuliowataja. Usiku una mlinzi mwingine, naye akiwa nyumbani ni baba na mama, na akiwa bwenini ni mwalimu wa bweni, ambaye mara nyingi ni mmoja kwa watoto wengi na amechoka.

Kwa hivyo rai yetu, na kila msomaji ana haki ya kutukatalia, ni kwamba simu isiingie darasani, wala ya mwanafunzi wala ya mwalimu, ila kwa somo lililokusudiwa. Hapo hatuna shaka. Shaka yetu iko katika namna ya kulitekeleza jambo hili. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alitenga mlango katika Muqaddima yake kueleza ya kuwa ukali juu ya wanafunzi huwadhuru. Mtoto alelewaye kwa kukandamizwa hujifunza uwongo na hila, akaonyesha asiyokuwa nayo moyoni kwa kuogopa mkono. Sheikh wetu alikuwa akitusomesha mahali hapo huku bakora iko pembeni yake, nasi tulikuwa twaitazama bakora. Lakini maneno ni kweli. Skuli yenye msako wa usiku, na kupasua magodoro, na kuwalipa watoto kwa kuwasaliti wenzao, itapata simu nyingi, na itapata pia watoto waliobobea katika kuficha. Tumesikia ya simu zilizofichwa ndani ya mikate iliyotobolewa, na katika mapaa ya vyoo, na katika mabunda ya sabuni. Akili ile ingalitiwa katika hesabu!

Tena mtoto aliyenyimwa kitu yapasa apewe kitu. Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na uchaji wake ule, aliandika katika Ihyaa ya kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike na taabu ya masomo, kwani kumzuia na mchezo daima huuua moyo wake na kuizima akili yake. Tazameni sasa mitaa yetu. Viwanja tulivyochezea sisi vimejengwa maghorofa, pwani pamewekwa kuta, na mtoto akipiga mpira uchochoroni majirani hutoka na maji. Skuli nayo imeondoa saa ya michezo ikaweka masomo ya ziada. Mtoto huyu tunataka akacheze wapi? Simu ndiyo uwanja uliobaki, na mlango wake hauna bawabu. Chuoni kwetu tulipoweka kisanduku, tuliweka pia robo saa kabla ya magharibi ya mpira wa miguu kwa wavulana uani, na wasichana wana ua wao upande wa pili wakiruka kamba. Wazazi wawili walilalamika ya kwamba wanalipa ada ya Qur'ani na si ya mpira. Tuliwaonyesha Ghazali, mmoja akakubali.

Ama majumbani, hapa tutasema kwa ufupi maana kila mtu ajua nyumba yake. Mtoto atizamaye babake amerudi kutoka msikitini, ameketi kwenye mkeka, wali umepakuliwa, na uso wa baba wang'aa kwa mwanga wa simu, mtoto huyo amekwisha kufundishwa. Binti yetu, yule yule aliyetusomea habari za Uingereza, alituuliza usiku ule kwa heshima zake zote, "Baba, na nyinyi hapa nyumbani mnacho kisanduku?" Hatukuwa nacho. Sasa tunacho, ni kikapu cha ukili kilichoangikwa jikoni, na tangu magharibi mpaka baada ya chakula kila simu imo humo, ila yake mama watoto kwa sababu dadake ni mgonjwa. Usiku simu za vijana hulala chumbani kwetu. Siku za mwanzo palikuwa na manung'uniko, tena makubwa kuliko yote yalitoka kwetu sisi wenyewe.

Tumalize habari ya kijana. Barua tuliiandika, lakini tuliona barua peke yake haitoshi, tukafuatana na mama yake mpaka skulini siku wiki mbili zilipotimia. Katika wiki mbili zile kijana alikuwa chuoni kwetu kila alasiri, akiwasomesha wadogo Juzuu Amma, na simu hakuwa nayo. Alitwambia siku ya nne ya kwamba usiku wa kwanza na wa pili hakupata usingizi kabisa, mkono wake ukipapasa chini ya mto, na wa tatu akalala kama jiwe.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Ni mtu mwenye watoto 800 na waalimu wasiotosha, na hatukwenda kumfundisha kazi yake. Tulimwambia ya kuwa kijana amekosa, na adhabu ameitumikia, nasi hatuombi aruhusiwe kuwa na simu. Twaomba mawili. La kwanza, simu ni mali ya baba yake, irudishwe kwa mama hapa hapa. La pili, kuna watoto wangapi katika skuli hii ambao baba zao wako Qatar, na Saudia, na Dubai, na je, haiwezekani skuli ikawa na simu moja, katika ofisi, mbele ya mwalimu, ambayo watoto hao watapigiwa siku moja katika juma kwa zamu?

Juu ya lile la kwanza alifikiri kitambo, kisha akafungua kabati. Mlikuwa na simu humo zaidi ya 20, nyingine zimeota vumbi. Akaitafuta, akampa mama, naye akatia sahihi. Juu ya la pili alisema hawezi kuahidi, atalipeleka kwa kamati ya wazazi, kwani mwalimu wa kukaa na simu ile ni nani, na salio ni la nani, na akifungulia watoto wa Qatar, watoto wa Malindi watasema nini. Ni maswali ya haki. Mama akasema salio la mwezi wa kwanza atalitoa yeye.

Mkutano wa kamati ni baada ya wiki tatu, nasi tumealikwa. Wazazi wenye watoto katika skuli za bweni, na khasa wale ambao waume zao wako safarini, tungependa mtuandikie mtueleze skuli zenu zimefanyaje katika jambo hili la kupigiwa simu, ili tukienda pale tuwe na mfano mkononi. Gharama za harusi tutazileta mwezi ujao, inshallah.